Paja la Kuku la Zaituni

Wiki iliyopita binti yangu Kabugho aliniletea karatasi. Mtoto wake wa kwanza alikuwa anatimiza miaka sita, na alitaka tukubaliane mapema watoto watakaoalikwa watakula nini. Alikuwa ameandika chipsi, soseji, keki, soda, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, kuku. Niliisoma mara mbili, nikamwuliza nani atawachinja hao kuku.

"Mama, hapa Kasese siku hizi kuku anauzwa amekwisha kuchinjwa. Yuko kwenye friza."

Nikamwambia hapana, kuku niachie mimi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mzazi aliyeanza kuwa msumbufu, lakini hakubishana. Mchana wa siku ya sherehe niliketi nyuma ya nyumba yake nikababua manyoya madogo juu ya makaa. Moshi ule uliponipanda puani, niligeuza uso pembeni, kama nifanyavyo kila mara kwa zaidi ya miaka arobaini sasa. Wengine harufu ya kuku anayebabuliwa huwapa njaa. Mimi hunitia hofu, na najua hofu hiyo ilianza siku gani.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Bwera, upande wa juu wa barabara iendayo mpaka wa Uganda na Kongo. Kwetu mtoto alihesabiwa kwa mpangilio, si kwa tarehe. Mimi naitwa Masika kwa sababu ni msichana wa kwanza. Ukisikia jina umekwisha kujua nafasi yangu katika nyumba, na hakuna aliyehitaji kujua zaidi. Tarehe yangu ya kuzaliwa ilikuwa kwenye kadi ya kliniki, na kadi ilikuwa sandukuni chini ya nguo za mama. Nilifika miaka tisa bila mtu yeyote kunipongeza kwa kuifikia.

Aliyeitoa ile kadi sandukuni ni Tantine Biira, mdogo wake mama. Alikuwa amekaa miaka mingi Butembo, upande wa Kongo, akilea watoto wa mfanyabiashara, na alirudi na masanduku mawili, viatu vya kisigino, na Kiswahili cha ng'ambo ya mto kilichotufanya tucheke kila alipofungua mdomo. Aliisoma tarehe, akahesabu kwa vidole, akatangaza kwamba Ijumaa inayokuja tutafanya aniversere, sherehe ya kuzaliwa kwangu.

Mama hakupinga sherehe. Alipinga chakula. Walibishana siku mbili jikoni, mimi nikiwa nimekaa kwenye kizingiti nasikiliza hatima yangu.

"Nitasonga ugali wa muhogo, nitachemsha samaki," mama alisema. "Basi."

"Bugali? Dada! Siku ya aniversere batoto habakulaka bugali. Banakula gato, banazimisha mishumaa, banaimba."

"Gato! Keki ni chakula? Watoto wa watu watafika kwao waombe chakula, kisha mama zao waje kuniuliza: Mama Masika, uliwaita watoto wetu uwaonyeshe mishumaa?"

"Weka wali, basi."

"Wali na nini? Maharage? Maharage wanakula shuleni kila siku."

"Wali na kuku, dada. Kuku beko pale nje, banatembea tu bure."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa: wali, kuku wawili, karanga za kukaanga, na keki ambayo Tantine angeioka ndani ya sufuria yenye makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Baba alikuwa kwenye shamba lake la kahawa huko Bwesumbu, na hakuulizwa.

Sahani zetu hazikutosha. Mama alikwenda kwenye ua unaotutenganisha na kwa akina Zaituni, akamwita Mama Zaituni. Baba yake Zaituni aliendesha lori la chumvi, na nyumba yao ndiyo iliyokuwa na vyombo vingi kuliko zote kwa sababu walikuwa wanafuturisha watu wengi mwezi wa Ramadhani. Zaituni alikuwa rafiki yangu. Tulikwenda shule pamoja, tulirudi pamoja, tulikuwa na kifuniko kimoja cha kalamu ambacho tulikitafuna kwa zamu.

"Chukua zangu kumi na mbili," Mama Zaituni alisema juu ya ua. "Na Zaituni atakuja na Abduli. Huyo mdogo msimpe keki nyingi, tumbo lake dogo lakini macho makubwa."

Hakuuliza kuku watachinjwa na nani. Hilo nilikuja kulifikiria baadaye sana. Hakuuliza kwa sababu alimjua mama. Kwetu ilikuwa hivi: ukialika watu na miongoni mwao kuna Waislamu, kuku au mbuzi unampeleka kwa Mwislamu amchinje, ili sufuria iwe moja na kila mtu ale bila kuulizana. Sisi tulikuwa watu wa kanisani tangu babu, na mama alilifanya jambo hilo kama anavyofagia uwanja kabla ya mgeni kufika.

Ijumaa asubuhi alinifungia kuku wawili miguu kwa kamba ya katani.

"Masika, peleka hawa kwa Mzee Ramadhani pale sokoni. Usipeleke kwingine. Akimaliza mwambie asante, kisha rudi mbio. Saa saba nataka wawe kwenye moto."

Ningekwenda moja kwa moja, habari hii isingekuwepo. Lakini ilikuwa siku ya soko, na kwenye meza moja mwanamke kutoka ng'ambo alikuwa anauza maputo. Sikuwa nimewahi kuona maputo mengi pamoja. Aliyapuliza moja moja, akayafunga kwa uzi, na mimi nilisimama na kuku wangu vichwa chini nikichagua moyoni ambalo ningelinunua kama ningekuwa na fedha. Nilichagua la njano. Kisha nikabadili, nikachagua jekundu. Sijui nilisimama muda gani. Nilipofika kwa Mzee Ramadhani, lile jiwe lake la kuchinjia lilikuwa limekauka na mlango wake una kufuli.

"Eko musikitini," aliniambia mama muuza nyanya aliyekaa karibu. "Leo Ijumaa, mutoto. Ngoja atoke."

Nikangoja. Jua lilikuwa utosini. Kuku mmoja alikuwa ameachama mdomo, na kila baada ya muda macho yake yalifunikwa na ngozi nyeupe kisha yakafunuka. Niliogopa atakufa mkononi. Niliogopa zaidi swali ambalo mama angeniuliza: ulikuwa wapi muda wote huo? Sikuwa na jibu isipokuwa maputo.

Chini kidogo ya barabara alikuwepo mwanamume mmoja aliyeuza nyama ya nguruwe. Alikuwa na ubao, shoka, na kisu kirefu, na sauti ya kusikika soko zima.

"We mutoto! Hao kuku unawatembeza waone soko?"

"Namngoja Mzee Ramadhani."

"Utangoja mpaka mwaka mpya. Leta nikusaidie."

"Mama amesema ni Mzee Ramadhani tu."

"Kwani hawa kuku beko na dini? Walibatizwa? Walitahiriwa?"

Watu waliokuwa wakinunua wakacheka. Nami nilicheka, kwa aibu, na nikiwa bado nacheka nilimpa. Niliona ubao. Niliona kisu, na niliona akikifuta mara moja kwenye gunia, upande mmoja halafu upande wa pili. Ilikwisha haraka sana.

"Umeona? Kazi ndogo," alisema. "Nenda, na ukifika waambie umechinjiwa na fundi."

Nyumbani mama alipokea kuku, akawachovya kwenye maji ya moto bila kuangalia zaidi.

"Mzee Ramadhani alisemaje?"

"Anakusalimia," nikasema.

Hilo sikulazimishwa. Hakuna aliyeniomba salamu. Niliiongeza mwenyewe ili uongo wangu ukae vizuri, na mama akatabasamu. "Ni mzee mzuri yule," akasema.

Nilikuwa najisikia salama hadi walipoanza kubabua. Moshi wa manyoya ulipojaa jikoni nilimkumbuka bibi, mama yake mama. Watu wa ukoo wao hawali nyama ya pongo, yule swala wa msituni; ni mwiko wao. Bibi alikuwa ametusimulia kuhusu kaka yake aliyelishwa pongo ugenini bila kujua: siku chache baadaye ngozi yake ilitoka mabaka, kisha ikabanduka kama gome la mti, kuanzia mikononi. Bibi alikuwa akituonyesha kwa kujikwaruza mkono wake mwenyewe. "Hakujua," alikuwa anasema, "lakini ngozi yake ilijua."

Hapo ndipo akili yangu ya miaka tisa ilipofanya kazi yake. Niliwaza hivi: sisi tuna pongo, wao wana kuku asiyechinjwa na mtu wao. Tena huyu amekatwa kwa kisu cha nguruwe. Kwa hiyo Zaituni akila, ngozi yake itabanduka. Hakuna mtu aliyenifundisha hivyo. Nilichukua kitu cha ukoo wetu nikakipima kwa watu wa dini nyingine, na kilitosha vizuri mno hata sikuwa na sababu ya kukitilia shaka.

Watoto walifika wakiwa wamepakwa mafuta hadi magotini. Tulikaa kwenye turubai la kuanikia kahawa. Keki ilikuwa imeshika chini ya sufuria, na Tantine aliigeuza ile sehemu iliyoungua akaificha kwa sukari. Zaituni alikuja na gauni la kijani, akiwa amemshika Abduli mkono, na alinipa zawadi: penseli mpya iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari, imechongwa tayari. Waliniimbia wimbo ambao Tantine peke yake ndiye aliyeujua, na wengine wakafuata mwisho wa maneno. Nilizima mishumaa. Sikumbuki hata kidogo ladha ya keki ile.

Mama alipakua mwenyewe. Vipande vilikuwa vya kuhesabu, lakini paja moja zima alilitenga, akaliweka juu ya wali wa Zaituni. "Hili la binti wa Mama Zaituni, aliyetupa sahani." Aliyasema kwa sauti, watoto wote wasikie.

Nilikuwa nimekaa karibu naye. Nikamnong'oneza, "Usile hiyo."

"Kwa nini?"

"Mbaya."

"Mbaya vipi? Inanukia."

"Ni ya baba. Baba akija ataiuliza."

"Mama yako ndiye amenipa," Zaituni akasema, na akalinyanyua.

Nililinyakua mkononi mwake nikalitia mdomoni. Nilitafuna haraka, mfupa ukinigonga meno, kwa sababu niliogopa kwamba likibaki hata kidogo atalichukua tena. Kisha mtoto mmoja akacheka, wakacheka wote.

"Mlafi! Masika mlafi!"

"Mama yangu mimi!" Tantine akashika kichwa. "Aniversere yake, na anamunyanganya mugeni nyama!"

Mama alinifinya sikio hadi nikasimama. Mafuta yalikuwa yananichirizika hadi kwenye kiwiko. Zaituni hakulia. Aliweka sahani chini taratibu, wali ukiwa haujaguswa, akajifuta vidole kwenye nyasi.

"Ungesema tu hutaki nile kwenu," akasema. "Ningebaki nyumbani."

Akaondoka. Nilimwona akipita kwenye upenyo wa ua, gauni la kijani, mgongo umenyooka. Nilikuwa na huzuni, lakini chini ya huzuni nilikuwa na nafuu, na nakiri hivyo: nimemwokoa. Ndipo nilipogeuka nikamwona Abduli. Alikuwa amekaa kwenye pembe ya turubai ambako hakuna aliyemtazama, kidevu kinang'aa, na mbele yake mifupa miwili iliyogugunwa hadi ikawa myeupe.

Siku zilizofuata nilizihesabu kwa asubuhi. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilikwenda kwenye ua nikamwita Abduli. "Nionyeshe mikono." Alinionyesha, akidhani ni mchezo. "Geuza." Aligeuza. Nilikagua kucha, viwiko, nyuma ya masikio. Ikawa siku ya tatu, ya tano, ya nane. Zaituni alikuwa ametangulia shuleni peke yake. Kifuniko cha kalamu aliniachia juu ya dawati. Chakula kilinishinda, mama alifikiri nina minyoo, akanipa dawa.

Yapata wiki mbili baada ya sherehe, Abduli hakuja kwenye ua. Nilichungulia nikamwona amelala kwenye mkeka kibarazani, amevuliwa shati, na kifua chake kimejaa vipele vyenye maji. Vingine vilikuwa vimepasuka, na ngozi pembeni yake ilikuwa imeanza kubanduka.

Sikumbuki kupita kwenye upenyo. Nakumbuka nimesimama mbele ya Mama Zaituni, aliyekuwa anampaka mtoto dawa ya rangi ya waridi kwa pamba, na nakumbuka sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

"Ni mimi! Sio Mzee Ramadhani! Ni mwanamume wa nguruwe ndiye aliyechinja, mimi nilimpa, na sasa Abduli atabanduka ngozi yote atakufa!"

Aliacha kupaka. Nilimweleza yote, kuanzia maputo, hadi pongo la bibi, hadi paja. Nilipofika kwenye paja alifumba macho.

"Kumbe ndiyo sababu," akasema.

"Atakufa?"

"Hii ni tetekuwanga, Masika. Nusu ya watoto wa shule yenu wanayo. Hata wewe utaipata, kwa jinsi ulivyokuwa unamshikashika." Alinivuta karibu akanifuta kamasi kwa ncha ya khanga yake. "Mtoto hakujua alichokula, na Mungu anajua kwamba hakujua. Hana kosa."

Nilianza kulia kwa furaha. Akanishika kidevu.

"Sikiliza. Usije ukadhani kwa kuwa si ngozi, basi si kitu. Mimi niliwaleta watoto wangu kwenu nikiwa nimefumba macho. Umenielewa? Nilifumba macho, kwa sababu ni kwa mama yako."

Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa bado.

"Na mama yako nitaongea naye mimi. Lakini Zaituni utamwambia wewe mwenyewe."

Alasiri hiyo niliona kwa akina Zaituni zile sahani kumi na mbili zimesuguliwa upya kwa majivu, zimeegeshwa kwenye mawe juani, moja baada ya nyingine. Mama alikuwa amesimama upande wetu wa ua anazitazama. Hakunipiga. Ningependa zaidi angenipiga. Tangu siku hiyo, kuku wa wageni aliwapeleka mwenyewe.

Tetekuwanga niliipata kweli, na nililala siku nyingi nikijikwaruza. Nilipopona, nilijiambia nitamwambia Zaituni Jumatatu. Jumatatu ikapita. Nikajiambia tukifunga shule. Kabla ya muhula kwisha baba yake alihamishia shughuli zake Kasese, na lori la chumvi likabeba vitanda, mikeka, na masinia yote. Zaituni alikaa mbele. Alinipungia mkono, lakini kwa adabu, kama mtu anayempungia mwalimu.

Maisha yalinileta Kasese nami. Kwa miaka mingi sasa Zaituni ana duka la vitambaa si mbali na kwangu, na sisi ni marafiki tena, marafiki wa watu wazima: arusi, matanga, madeni madogo ya sukari. Kila tukikutana kwenye shughuli yenye chakula, hutangaza mbele za watu: "Ficheni nyama, Masika amefika!" Watu hucheka. Nami hucheka. Mara ngapi nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga, siwezi kuhesabu. Ilikuwa imekwisha kuwa kichekesho, na nilijishawishi kwamba kichekesho ni namna ya msamaha.

Siku ya sherehe ya mjukuu wangu ilikuwa Ijumaa. Nilifika na kuku wangu kwa mchinjaji wakati amekwenda kuswali. Kijana wa duka la jirani aliniambia, "Mama, kuna mwingine pale chini anaweza kukusaidia upesi." Nikasema nitangoja. Nilikaa kwenye benchi lake, kuku wamekaa mapajani mwangu vichwa juu, mpaka alipotoka.

Zaituni alikuja alasiri na wajukuu wake wawili. Nilipakua mwenyewe. Nilipomfikia na bakuli la kuku, nikiwa nimemtengea paja, aliifunika sahani yake ya wali kwa kiganja, akapaza sauti ili wote wasikie: "Leo huninyang'anyi!" Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikaketi kwenye mkeka kando yake, nikamwambia. Nilimwambia kwa utaratibu, kama ilivyotokea: maputo, kufuli, kisu na gunia, salamu ambazo hazikutumwa, ngozi ya kaka yake bibi.

Alinisikiliza hadi mwisho, kiganja bado kiko juu ya chakula.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Yote. Mama aliniambia siku ileile."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Alinikataza. Alisema, mwache, atakuja mwenyewe." Aliwatazama watoto waliokuwa wakigombea soda. "Hata alipolazwa hospitali kule Kisinga, siku zake za mwisho, aliniuliza: Masika ameshakuambia? Nikasema, bado, mama."

Zaituni akaondoa kiganja chake juu ya sahani.

"Basi weka hilo paja, we mwanamke. Linapoa."